“Makohozi: Hakuna” – Uchambuzi wa kisa cha tyubu iliyoziba kwa mgonjwa wa sumu ya shambani

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinatoka kwenye wodi ya wagonjwa mahututi ya hospitali moja ya Kanda ya Kati. Umri wa mgonjwa, tarehe na mambo mengine yasiyogusa tiba yamebadilishwa au kuachwa, na mgonjwa mwenyewe, baada ya kupona, aliridhia kisa chake kitumike kufundishia. Mimi ni muuguzi mwalimu katika wodi hiyo. Usiku wa tukio sikuwa zamu, lakini mwanafunzi aliyekuwepo ni mimi niliyemfundisha saksheni, yaani kunyonya makohozi kwa mrija, hatua kwa hatua, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya uchambuzi huu inahusu namna nilivyofundisha.

Mgonjwa na mazingira

Mgonjwa alikuwa kijana wa kiume, kibarua katika shamba la zabibu, asiye na ugonjwa wowote uliojulikana. Ilikuwa kiangazi, wakati upepo wa Dodoma unapopeperusha vumbi na midomo inapasuka hata kwa watu wazima wa afya. Akiwa na kiu, alikunywa mafunda mawili kutoka kwenye chupa ya soda aliyoikuta chini ya mti, na ndani ya chupa hiyo mtu alikuwa amemimina dawa ya kuulia wadudu. Ndugu waliomleta waliulizwa zaidi ya mara moja kama alikusudia, na swali hilo liliwaumiza. Siku alipoweza kuzungumza, yeye mwenyewe alieleza kuhusu kiu na chupa.

Wodi ina vitanda sita. Usiku wa tukio vitanda vitano vilikuwa na wagonjwa, watatu kati yao wakiwa kwenye mashine za kupumulia, na walikuwepo wauguzi wawili na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu wa stashahada. Tangu 2021, fedha za mpango wa kupambana na UVIKO-19, zile shilingi trilioni 1.3, zilisaidia kujenga na kuongeza vifaa vya wodi za aina hii nchini, na tunashukuru. Lakini mashine hununuliwa kwa mwezi, na muuguzi anayeweza kuisoma mashine hiyo huchukua miaka.

Siku ya kwanza: majimaji

Alifika saa 11 jioni akiwa amelowa jasho, mate yakimtoka mfululizo, mboni zimesinyaa kama tundu la sindano, misuli ya mapaja ikitetemeka chini ya ngozi, mapigo ya moyo 46 kwa dakika. Sumu za kundi la oganofosfeti huzuia kimeng’enya kinachovunja asetilikolini, na kemikali hiyo ikirundikana, tezi zote za mwili hutiririsha maji na misuli huchoka hadi kulegea. Kinachoua mapema ni mapafu: yanajaa majimaji kutoka ndani, mgonjwa anazama akiwa kitandani.

Aliwekewa tyubu namba 7.5, yaani bomba la kupumulia lenye tundu la milimita 7.5 linaloingizwa hadi kwenye koo la hewa, ikafungwa kwenye sentimita 22 usawa wa meno, na kuunganishwa na mashine. Atropini, dawa ya kukausha majimaji hayo, ilianza kwa miligramu 2, ikazidishwa mara mbili kila baada ya dakika tano: 2, 4, 8, 16. Ampuli zetu zina miligramu 1 kila moja. Muuguzi aliyekuwa akizivunja aliniambia kuwa hadi kifua kilipoanza kusikika safi, bakuli la chuma lilikuwa na shingo thelathini za ampuli, na kidole gumba chake kilikuwa kimechanika. Baada ya hapo aliwekewa dripu ya atropini ya miligramu 3 kwa saa, sawa na asilimia 10 ya jumla ile.

Uamuzi mmoja wa usiku ule unahitaji kutazamwa kwa makini. Mashine zetu hutumia filta ya unyevu, kile kipande kidogo kinachokaa kati ya tyubu na mirija ya mashine, ambacho hushika joto na unyevu wa pumzi inayotoka na kuurudisha kwenye pumzi inayoingia. Saa 3 usiku filta ilikuwa imelowa chapachapa kwa majimaji ya mapafu na mashine ikalalamika. Muuguzi aliitoa, akaunganisha mirija bila filta, na alifanya sawa, kwani filta iliyojaa majimaji huziba njia ya hewa. Alikusudia kuweka mpya majimaji yakipungua. Nia hiyo aliieleza kwa mdomo wakati wa kukabidhi zamu asubuhi. Haikuandikwa popote.

Siku ya pili na ya tatu: ukavu

Kufikia asubuhi ya siku ya pili kifua kilikuwa kikavu. Kwenye chati, safu ya saksheni inaanza kuonyesha maneno yaliyorudiwa na watu saba tofauti katika muda wa siku mbili: “Makohozi: hakuna.” Kila aliyeyasoma alifurahi, nami nakiri kuwa nilipopita raundi siku ya tatu niliyasoma nikafurahi pia. Kukauka kwa kifua ndilo lengo kuu la atropini katika sumu hii, na sote tulikuwa tumefundishwa kulingojea.

Hata hivyo, siku ya tatu mambo mengine yalionekana. Joto la mwili lilipanda hadi 38.6, kipimo cha haraka cha malaria kikawa hasi, mapigo yakafika 138, tumbo likawa kimya chini ya stetoskopu, na mgonjwa akaanza kuvuta mashuka na kupambana na mashine. Joto, tumbo kimya na kuchanganyikiwa vikija pamoja kwa mtu aliye kwenye dripu ya atropini, maana yake ni kwamba dawa imezidi. Tiba yake ni kusimamisha dripu kwa muda wa nusu saa hadi saa moja, kisha kuirudisha kwa kiwango cha chini. Sisi tuliona mgonjwa msumbufu, tukaongeza midazolamu, dawa ya kutuliza. Dripu iliendelea kwa miligramu 3.

Shinikizo la juu la hewa kwenye mashine, ambalo siku ya pili lilikuwa sentimita 21 za maji, liliandikwa 24 asubuhi ya siku ya tatu, 31 jioni, na 37 saa 6 usiku. Saa 6:15 usiku kikomo cha kengele kilisogezwa kutoka 35 hadi 50. Aliyekisogeza aliamini kuwa mgonjwa anang’ata tyubu.

Mapema kidogo, saa 4 usiku, mwanafunzi alifanya saksheni kwa mrija namba 12 na ukagota kabla ya kufika mwisho. Akamwambia muuguzi aliyekuwa naye, “Sista, mrija hauingii kama jana.” Muuguzi, akiwa na mgonjwa mwingine ambaye shinikizo lake la damu lilikuwa linashuka, alimjibu, “Usisukume, utamuumiza. Chukua mwembamba, na kama hakuna kitu, andika hakuna.” Mwanafunzi alichukua mrija namba 10. Ukapita. Hakuna kilichotoka. Akaandika.

Usiku wa tukio

Saa 9:40 usiku oksijeni kwenye monita ilianza kushuka: 93, 88, 79. Kengele ya mashine nayo ililia, kwa kuwa sasa shinikizo lilikuwa limevuka hata kile kikomo kipya. Mwanafunzi alifika wa kwanza. Alimtenganisha mgonjwa na mashine, akaunganisha begi la kupumulisha kwa mkono lenye oksijeni, akabonyeza, na kwa maneno yake mwenyewe, “Ilikuwa kama kubonyeza mpira uliojazwa upepo.” Kwa kitendo hicho kimoja aliiondoa mashine kwenye orodha ya washukiwa.

Muuguzi mkuu wa zamu alipima sababu tatu zilizobaki kati ya nne, kwa sauti, ili wote wasikie. Tyubu ilikuwa bado kwenye sentimita 22, haikuhama. Kifua kilinyanyuka kidogo sana, lakini sawa pande zote mbili, na koo la hewa lilikuwa katikati, kwa hiyo hewa iliyotoroka nje ya pafu haikuelekea kuwa sababu. Mrija namba 10, uliopita saa tano na nusu zilizotangulia, sasa uligota. Tyubu imeziba. Hadi hapo ilikuwa imepita dakika moja na nusu, nami nautaja muda huo kwa heshima.

Kisha zikapita dakika nne. Mtaalamu wa usingizi alikuwa chumba cha upasuaji na mama wa dharura ya uzazi, na wauguzi hawakuwa na hakika kama wanaruhusiwa kutoa tyubu bila yeye. Walijaribu kumimina maji ya chumvi na kunyonya tena, bila mafanikio. Oksijeni ilishuka hadi 64, mapigo kutoka 140 hadi 48. Simu ilipopokelewa, jibu lilikuwa fupi: toeni tyubu, mpumulisheni kwa maski. Wakatoa upepo kwenye puto la tyubu, wakaivuta, wakashika taya na kupumulisha kwa watu wawili, mmoja akibana maski na mwingine akibonyeza begi. Ndani ya dakika mbili oksijeni ilirudi 90.

Saa 10:05 mtaalamu alifika na kuweka tyubu namba 8 kwa ketamini, dawa ya usingizi. Aliepuka suksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli, kwa makusudi, kwa kuwa dawa hiyo huvunjwa na kimeng’enya cha damu ambacho sumu hii hukizuia, na mgonjwa angeweza kubaki amelegea kwa saa nyingi. Mashine ilipounganishwa, shinikizo lilisoma 22.

Matokeo

Mgonjwa alifungua macho siku hiyo hiyo na kufuata maelekezo. Siku iliyofuata hakuweza kunyanyua kichwa kwenye mto, ingawa alibana mkono vizuri. Huo ni udhaifu unaokuja kati ya saa 24 na 96 baada ya sumu hii, unaoanzia shingoni na kufika kwenye misuli ya kupumua, na ulimweka kwenye mashine hadi siku ya tisa, alipoweza kunyanyua kichwa na kukishikilia kwa sekunde tano. Siku ya kumi na nne aliondoka akitembea. Hatukuona dalili ya madhara kwenye ubongo.

Daktari na msimamizi wa wodi walikaa na mama yake na baba yake mdogo asubuhi ile ile, wakawaeleza kilichotokea bila kuficha kwamba kifaa cha unyevu kilikuwa kimetolewa na hakikurudishwa. Baba mdogo aliuliza maswali mengi, yote ya haki. Mama alikaa kimya hadi mwisho, kisha akasema, “Kwa hiyo mwanangu alikauka ndani.” Katika yote yaliyosemwa kuhusu tukio hili, sijasikia maelezo sahihi kuliko hayo.

Uchambuzi

Asubuhi hiyo niliikata ile tyubu kwa urefu kwa wembe wa upasuaji juu ya sinia. Kwenye sentimita nne za mwisho, ukuta wa ndani ulikuwa umejengeka tabaka la kahawia, gumu kama utomvu uliokauka kwenye gome la mti, na katikati kumebaki tundu ambalo njiti ya kiberiti ingepita kwa shida. Tabaka lile halikujengeka kwa usiku mmoja. Lilipakwa kidogo kidogo, pumzi kwa pumzi, huku chati ikisema hakuna.

Pua na koo la mtu mzima wa afya huipasha hewa na kuinyevusha hata ikifika kwenye matawi makuu ya mapafu iwe na nyuzijoto 37 na takribani miligramu 44 za maji kwa kila lita. Tyubu huruka njia hiyo yote. Oksijeni ya hospitali haina unyevu kabisa, na filta nzuri hurudisha angalau miligramu 30 kwa lita. Mgonjwa wetu alikaa takribani saa 54 bila filta, akiwa kwenye dawa ambayo kazi yake ni kukausha, na kwa kiwango kilichozidi hitaji lake. Majimaji yaliyobaki hayakuwa yamekwisha. Yalikuwa yamegeuka kitu kisichonyonyeka.

Hapa ndipo penye fundisho la kisa hiki, na limenichukua muda kulikubali. “Hakuna” ni neno lenye maana mbili. Mrija uliopita hadi mwisho bila kukwama na kurudi mtupu unasema njia ni safi. Mrija uliogota njiani na kurudi mtupu unasema njia inafungwa. Kwenye chati yetu habari hizo mbili, zinazopingana kabisa, ziliandikwa kwa neno moja, kwenye kisanduku kimoja kidogo.

Ushahidi ulikuwepo saa tano na nusu kabla ya tukio. Mrija namba 12 una upana wa milimita 4, namba 10 una milimita 3.3. Wa kwanza haukupita, wa pili ukapita. Mwanafunzi, bila kujua, alikuwa amepima tundu la tyubu kwa usahihi ambao hakuna kifaa kingine wodini kingeweza kuutoa: lilikuwa limebaki kati ya milimita 3.3 na 4, kutoka 7.5. Hewa inapopita kwa utulivu kwenye bomba, nusu kipenyo kikipungua kwa nusu ukinzani huongezeka mara kumi na sita, hivyo kile kilichoonekana kama kufinyika kidogo kilikuwa tayari mzigo mkubwa sana. Chati haikuwa na mahali pa kuandika namba ya mrija. Niliujua ukweli huu kwa kuokota pakiti mbili tupu kwenye pipa la taka na kumwuliza mwanafunzi taratibu.

Nimeangalia tena karatasi niliyokuwa nikitumia kumpima. Ina hatua kumi na nne: nawa mikono, vaa glavu, chagua mrija usiozidi takribani nusu ya upana wa tyubu, ongeza oksijeni, usizidishe sekunde kumi na tano, na kadhalika. Alipata zote kumi na nne. Hakuna hatua hata moja inayomwuliza mkono wake umehisi nini. Nilimfundisha saksheni kama kazi ya kusafisha, wakati kwa mgonjwa asiyeweza kusema, ule mrija ni kidole chetu ndani ya kifua chake.

Jibu la yule muuguzi, “usisukume”, lilikuwa sahihi, kwani kusukuma kungeweza kumjeruhi mgonjwa. Kosa halikuwa ndani ya jibu bali katika kuishia hapo, na sioni haki kumbebesha mtu mmoja, aliyekuwa ameinama juu ya mgonjwa mwingine anayezorota, kosa ambalo lilipita katika makabidhiano sita ya zamu. Mwanafunzi alisema, na alisema vizuri. Alichokosa ni namna ya kusema iliyo na uzito, na sisi hatukuwa tumempa. “Hauingii kama jana” husikika kama ugumu wa mwanagenzi. “Namba 12 imegota kwenye sentimita 20, na jioni shinikizo lilikuwa 31” husikika kama dharura.

Kuhusu kengele nitasema machache. Kikomo kilisogezwa bila kutafuta sababu, na kipimo ambacho kingetenganisha mapafu magumu na tyubu nyembamba, yaani kusimamisha pumzi kidogo baada ya kuvuta na kusoma shinikizo lililobaki, kilikuwa kimefanyika mara moja tu, siku ya pili, kikasoma 16. Kama kingerudiwa siku ya tatu na kukuta bado kiko karibu na hapo huku shinikizo la juu likipanda, jibu lingekuwa wazi hata kabla ya giza kuingia.

Yaliyofanyika vizuri yasimezwe na haya. Filta ilitolewa kwa sababu sahihi. Atropini ilitolewa kwa ujasiri unaostahili, na wapo wanaopoteza wagonjwa wa sumu hii kwa kuogopa ampuli ya kumi. Katika dharura yenyewe mwanafunzi alitenganisha mashine bila kusubiri kuambiwa, na muuguzi mkuu alipima sababu tatu zilizobaki kwa mpangilio akitamka kila anachokikuta. Zile dakika nne za kungoja ruhusa zilikuwa kosa la hospitali, ambayo haikuwahi kuwaambia wauguzi wake kwa maandishi kwamba tyubu iliyoziba kabisa si njia ya hewa tena.

Yaliyobadilika, na yaliyobaki

Ruhusa hiyo sasa ipo kwa maandishi, na imebandikwa juu ya kila kitanda chenye mashine pamoja na maski iliyo tayari. Filta ikitolewa, kipande cha plasta hufungwa kwenye mrija wa mashine kikiwa na saa ya kutolewa na saa ya kukaguliwa tena, isiyozidi saa sita mbele. Mgonjwa wa atropini hukaguliwa joto, tumbo na fahamu kila saa, na vyote vitatu vikiharibika pamoja daktari huitwa kabla ya dawa ya kutuliza kuongezwa.

Safu ya saksheni imekuwa na visanduku vitatu: namba ya mrija, umefika wapi na ulipitaje, kilichotoka. Neno “hakuna” peke yake halikubaliki. Katika maabara ya mafunzo nina tyubu sita zilizopitwa na muda wake, tatu safi, na tatu nilizozipaka ndani uji mzito wa ulezi kwa unene tofauti na kuuacha ukauke. Zinafunikwa kwa kitambaa, na mwanafunzi hupitisha mrija bila kuona, kisha anamweleza mwenzake, kwa sentensi moja yenye namba, alichokihisi. Wengi hukosea mara mbili za kwanza. Yule mwanafunzi wa kisa hiki, ambaye kwa wiki nzima baada ya tukio alikuwa akinawa mikono muda mrefu kuliko kawaida na hakutaka kugusa mrija, alikubali kusimamia zoezi hilo kwa kundi lililomfuata, na ninamshukuru.

Ambalo halijatatuliwa ni chombo cha kupasha na kunyevusha hewa. Kwa mgonjwa mwenye makohozi mengi au mazito, ambaye filta haimfai, hicho ndicho kifaa chake halisi. Tunavyo viwili. Kimoja kinafanya kazi tunapopata maji yaliyotakaswa, na kingine kinasubiri bakuli lake la maji, ambalo tumeliombea ununuzi mara tatu.